Sauti ya Kumvusha Kuruta

Mmeniuliza wiki mbili sasa, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande chake. Matokeo yake Mama Happy anaamini nilikwenda Arusha kununua punda, na Fidea anawatangazia watu sokoni kwamba nilipanda Mlima Meru. Sikununua wala sikupanda. Basi naandika yote mara moja, someaneni, na mkimaliza mnirudishie daftari, maana ni lile la vipimo vya wateja.

Kaka yangu Gaudensi wengi mlimwona siku ya harusi yangu, yule mrefu aliyepanga viti vya wageni mstari mmoja kama bunduki ghalani. Alikuwa sajini jeshini, mwalimu wa kwata. Maisha yake yote alifundisha makuruta kusimama, kugeuka na kutembea. Alipostaafu hakurudi kwetu Mbinga. Alipanga chumba Kisongo, nje kidogo ya Arusha, akanunua punda, akaridhika. Mwaka jana presha ikamchukua, tukamleta nyumbani, tukamzika.

Sasa lile ambalo sikuwaambia. Miezi kadhaa baada ya mazishi niliamka asubuhi moja, nikatafuta sauti yake kichwani, nikaikosa. Maneno yake ninayo yote. Utani wake ninao. Sauti yenyewe imefutika. Alitumia kiswaswadu, kile kisimu cha vitufe, mpaka mwisho, kwa hiyo hakuna hata ujumbe mmoja wa sauti, na kwenye video ya harusi yumo anacheza huku muziki umemfunika. Niliona haya kuwaambia. Dada gani anasahau sauti ya kaka yake?

Ndipo akanipigia mwenye nyumba wake wa Kisongo, mama wa Kimasai anayeitwa Yeyo Nasieku. Yeyo ni mama kwa lugha yao. Akasema Gaudensi, akiwa kitandani hospitali, aliagiza punda wake, Kuruta, apelekwe Olmotonyi kwa bibi mmoja aliyewahi kumtunza yeye Gaudensi zamani. Wamejaribu kumpeleka mara tatu. Kila mara punda anafika ukingoni mwa lami na kugoma kabisa.

"Alimfundisha asivuke barabara mpaka apewe amri," Yeyo akasema. "Tumempa amri wote. Hataki. Anataka sauti ya afande. Njoo wewe wa damu yake."

Nilimjibu nina sare za shule arobaini za kushona. Nikakata simu, nikashona mbili, ya pili nikaipachika mkono nje ndani. Kesho yake nikafunga safari.

Songea mpaka Dodoma: ndoo ya dagaa

Huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Nikanunua dagaa wa Nyasa, wale wazuri wakavu, nikajaza ndoo ya lita kumi na kufunika kwa kitambaa. Nilijiona mtu mwenye akili sana.

Kufika Njombe, abiria wa mbele yangu aliuliza kwa sauti kama kuna mtu amevua viatu. Makambako akauliza tena. Iringa nikashuka na ndoo yangu kunywa chai ili basi lipumue kidogo, nikarudi, nikamkuta kijana wa siti ya jirani amehamia nyuma kabisa karibu na tairi la akiba. Kwa hiyo nilifika Dodoma nimekaa kwenye siti mbili peke yangu, miguu nimenyoosha, kama mbunge.

Njia nzima nilikuwa najaribu. Nilifumba macho nikamwambia Gaudensi kimoyomoyo, haya, sema kitu. Nikamwona anafungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya konda akiuliza nani anashuka Mtera.

Dodoma mpaka Arusha mjini: nilivyopitilizwa

Asubuhi nilibadili basi, na Kondoa akapanda Bi Rehema, mama wa makamo aliyevaa baibui na kubeba dumu la asali. Alikaa pembeni yangu bila kuuliza harufu.

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Dagaa hao?"

"Dagaa, mama."

"Wa Nyasa?"

Nikajua nimepata ndugu. Bi Rehema ni Mrangi wa Kondoa aliyeolewa Arusha miaka mingi, anauza vitenge Kaloleni, na alikuwa anatoka kumwona mama yake.

Mbele ya Kolo mkanda wa injini ukakatika. Dereva akasema dakika kumi. Saa ya pili ilipoanza, Bi Rehema alivuka barabara, akaongea na mama mmoja mwenye kibanda cha chai, akarudi na kunyoosha mkono. Nikampa ndoo. Wakawakaanga dagaa kwa vitunguu na pilipili, na watu wale wale walioziba pua tangu Dodoma wakapanga foleni na vipande vya ugali mkononi. Yule aliyelalamika zaidi ya wote, naye akisingizia viatu vya watu, alirudi mara tatu. Nikamuuliza, "Kaka, na viatu je?" Akacheka mpaka akapaliwa.

Hapo ndipo nikamsimulia Bi Rehema habari ya punda na habari ya sauti. Alikuwa mtu wa kwanza kumwambia. Hakunipa pole ndefu. Alisema, "Mimi ya marehemu mume wangu naisikia nikiwa nakwangua nazi tu. Nisipokwangua, sina." Sikuelewa, lakini nilijisikia nafuu.

Basi likapona, tukaondoka, nikashiba, nikalala. Nilikuwa nimemwambia konda anishushe Kisongo, ila konda huyo aliishia Babati, na aliyempokea hakuambiwa kitu. Bi Rehema naye alidhani natangulia mjini. Nikaamka stendi ya Arusha, taa zimewaka, watu wanagombania mizigo.

"Kisongo tumeiacha nyuma, mama," konda mpya akasema, akinionyesha tulikotoka kana kwamba ningeweza kuiona.

Bi Rehema alinivuta mkono. "Twende nyumbani. Punda amesubiri miezi yote hii, atakufa kwa usiku mmoja?"

Kwake Kaloleni nililishwa ndizi nyama na chapati mpaka nikaomba radhi. Nilimwachia dagaa bakuli mbili, akanipa asali chupa moja. Asubuhi alinitoa uani akaninyooshea kidole juu, nikaona Meru umesimama wima nyuma ya mabati, kileleni una wingu dogo limekaa upande. Gaudensi alikuwa akisema kwenye simu, "Hapa mlima unalala mlangoni." Nilidhani anapiga chumvi.

Kaloleni mpaka Kisongo: gwaride la mnada

Ilikuwa Jumatano, siku ya mnada Kisongo. Barabara ilijaa mbuzi, shuka nyekundu na akina mama wenye madumu. Nilishuka na ndoo yangu, nikauliza kwa Yeyo Nasieku, nikaelekezwa kichochoro chenye ua wa mkonge. Sijafika nusu nikasikia kutoka nyuma ya ua:

"Gwariiideee! Mguuu... sawa!"

Nilisimama pale pale. Kisha nikakimbilia ua nikachungulia.

Punda sita walikuwa wamesimama mstari mmoja, wamebeba maji, masikio juu. Mbele yao alikuwa mama mnene mwenye shanga mpaka mabegani, mikono ameibana ubavuni. Akaita tena, "Mbele... tembea!" na punda wote sita wakaanza kuondoka kwa pamoja, madumu yakilia kwa mpangilio. Wamasai wawili wa kiume waliokuwa wanapita walisogea pembeni kuwapisha bila kushangaa hata kidogo. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Mama mwenye shanga aliponiona alinitazama usoni kwa muda. "Hiyo pua," akasema. "Wewe dada yake afande."

Ndiye Yeyo Nasieku. Wanawake wengine walitokea wakanisalimia "Takwenya!" nami nikajibu "Iko!" kama Bi Rehema alivyonifundisha, wakafurahi wakanikumbatia. Kumbe Gaudensi aliwafundishia punda wa mtaa mzima. Kwanza walimcheka, kisha punda mmoja akagongwa na gari barabarani, akafa na mzigo, na mwenye punda akabaki analia. Kesho yake Gaudensi akaanza mafunzo rasmi, saa kumi na mbili asubuhi, punda na wenye punda wao. Aliyechelewa alizungushwa zizi, na hakujali kama ana miguu miwili au minne.

Nilitoa zawadi yangu. Yeyo akafunua kitambaa, akatazama, akafunika polepole.

"Ashe oleng," akasema, yaani asante sana. Kisha kwa upole mkubwa, "Hawa wanakula nini?"

"Hawali kitu, Yeyo. Wameshakufa. Wanaliwa."

Wanawake wakatazamana. Hapo nikakumbuka kitu ambacho Gaudensi aliniambia zaidi ya mara moja, kwamba wenyeji wake wa Kisongo samaki hawawagusi, kwao hao ni jamaa wa nyoka. Nilisafiri siku mbili na ndoo ya nyoka wadogo. Nikatamani ardhi inimeze. Yeyo akanishika bega, akaiweka ndoo juu kabisa ya rafu, mahali pa heshima na mbali na pua, akanikaribisha loshoro. Ni mahindi yaliyopikwa yakalainika, yakachanganywa na maziwa mgando. Nilikula bakuli mbili kufidia aibu.

Lami ya kwanza

Kuruta nilimkuta amesimama peke yake chini ya mti wa mgunga, kijivu, mnono, na alama ya msalaba mgongoni kama punda wote. Nilimshika shingo. Alininusa mkono, akanusa gauni, akageuza uso. Asante ya punda ni mateke, na mimi sikupata hata teke.

Tukamfunga mzigo mwepesi, tukaondoka kundi zima. Njia ya vumbi alitembea vizuri. Tulipofika ukingoni mwa lami akasimama, miguu yote minne sawasawa, macho mbele. Magari ya watalii yalikuwa yanapita kwa kasi yakielekea mbugani.

"Sasa uone," Yeyo akasema, na mmoja mmoja wakaanza.

Jamani, natamani mngekuwepo. Wa kwanza alikohoa kwanza, kikohozi kikavu cha mara mbili, na wote wakashangilia kwa sababu ndivyo afande alivyokohoa kabla ya amri. Wa pili aliivuta ile "gwaride" mpaka akaishiwa pumzi. Wa tatu aliinua kidevu na kutazama juu ya vichwa vya watu. Nilicheka huku nalia, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kipande chake cha Gaudensi, kikohozi huyu, kidevu yule. Sauti hakuwa nayo hata mmoja. Kuruta hakutikisa sikio.

Zamu yangu. "Mbele tembea," nikasema.

Yeyo akatikisa kichwa. "Hiyo ni kuomba."

Nikarudia kwa nguvu. Nikaiga kikohozi. Nikaiga kidevu. Kuruta alinitazama kama mteja anayeona gauni lililokosewa kipimo. Ikapita saa nzima. Jua likawaka, nikachoka, nikaanza kujiambia kwamba nimekuja bure, hata punda anajua kwamba mimi si kitu.

Kisha likasimama lori, dereva akashuka kwa hasira kwamba tunaziba njia ya mnada. Hakuuliza. Aliokota fimbo, akamchapa Kuruta moja ya mgongo, akainua tena.

"Wewe!" nikasema. "Weka fimbo chini!"

Sijui ilitoka wapi. Dereva aliiachia fimbo kama imemuunguza. Na Kuruta akasimamisha masikio yote mawili.

Yeyo akanisogelea taratibu kama mtu anayeogopa kufukuza ndege. "Hivyo hivyo. Mwambie sasa. Usifikirie."

Bado nilikuwa na hasira. "Kuruta! Mbele... tembea!"

Akavuka. Aliweka kwato kwenye lami, akatembea mbele ya magari kwa hatua zilizopimwa, akafika ng'ambo, akasimama. Wanawake walipiga vigelegele, Yeyo akawa anajifuta macho kwa shuka. "Ni afande," alisema. "Ni afande mwenyewe, Yustina, umemsikia?"

Nikasema nimesikia. Nilidanganya. Mimi nilijisikia mimi mwenyewe tu. Kila mtu pale alimsikia kaka yangu isipokuwa mimi, na iliniuma kuliko nilivyoonyesha.

Kisongo mpaka Olmotonyi: lami ya pili

Yeyo alinisindikiza. Tulipanda kwa njia za mashambani, mahindi na maharage kulia na kushoto, mabonde yenye vijito, Meru ukikua mbele yetu kila tulipoinua macho. Kuruta alitangulia akijua kila kona. Kila Jumamosi alikuwa akipita njia hii na Gaudensi, wakipeleka unga kwa yule bibi wa Olmotonyi na kurudi na kabichi.

"Alikuwa anaongea naye njiani," Yeyo akaniambia. "Siyo amri. Habari zake. Na zako pia."

"Zangu?"

"Kwamba wewe unashona, kwamba unaongea polepole, watu wanakuonea kwenye bei. Alisema ukiwa mdogo alikufundisha kwata uwanjani kwenu, halafu mkabadilishana, ukamwamuru wewe. Akasema ulimwamuru vizuri kuliko wakubwa zake."

Nilikuwa nimesahau. Nilitembea kipande kirefu nimefurahi mno.

Ngaramtoni tulifika lami ya pili, ile ya kwenda Namanga. Kuruta akasimama. Kulikuwa na askari wa trafiki, na nilipotoa amri yangu alisimamisha magari pande zote mbili na kutupigia saluti tukipita. Nilimrudishia. Kwa kosa hilo la kupiga saluti bila kofia Gaudensi angenizungusha zizi.

Olmotonyi kuna baridi na harufu ya misonobari, na shuka niliyoazimwa na Yeyo nilijifunga yote. Koko Nembris alitusubiri mlangoni. Koko ni bibi kwa lugha yao; huyu ni Mwarusha, mwembamba, amevaa sweta la kanisani, na alipika miaka mingi jikoni kwenye chuo cha misitu. Niliinamisha kichwa, akanigusa utosini. Kisha akaenda kwa Kuruta, akaegemeza paji la uso wake kwenye paji la punda, akakaa hivyo.

Alitusimulia wakati wa kula machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama. Gaudensi alikuwa askari kijana kwenye zoezi la kutembea msituni, miguu imechubuka inatoa damu, akaachwa nyuma, akakaa mbele ya nyumba yake analia. "Askari mzima," Koko akasema. "Nikamwekea miguu kwenye maji ya chumvi. Akalia zaidi. Nikampa uji, akanyamaza. Tangu hapo ananiita mama."

Nikamuuliza, kwa woga, kama anakula dagaa. Yeyo alikuwa amening'iniza ndoo kwenye mzigo wa Kuruta bila kuniambia, ili itoke nyumbani kwake.

"Wa Nyasa?" Koko akauliza, macho yakang'aa. Jikoni chuoni alipikia wanafunzi wa kila kabila.

Olmotonyi, asubuhi ya kuondoka

Tulilala hapo. Asubuhi Koko alimpakia Kuruta kabichi za kupeleka gulioni Ngaramtoni, upande mmoja kwanza, nami nikawa naaga. Akanishika mkono.

"Unaniachia punda bila ufunguo? Gulio liko ng'ambo ya lami. Mimi nitamvusha na nini?"

Alijaribu mbele yangu, kwa sauti yake nyembamba ya kwaya. Kuruta alimtazama kwa heshima na kuendelea kutafuna. Yeyo ndiye aliyesema nirekodi. Koko ana simu ya kupangusa aliyopewa na binti yake, anasikilizia mapambio. Nilikataa. Nyie mnajua huwa situmi sauti, naandika, hata mkinicheka. Lakini ungemkatalia nini bibi yule? Nilikwenda nyuma ya zizi ili nisione watu, nikavuta pumzi, nikamkumbuka dereva na fimbo yake, nikaamuru mara moja. Nikarudi nikampa simu.

Koko akaongeza sauti mpaka mwisho, akabonyeza.

"Kuruta! Mbele... tembea!"

Nilikuwa nimefunga mdomo. Nilikuwa nimesimama uani, mikono mitupu, na sauti ile ilikuja kutoka nje yangu, ikanifikia masikioni kama ya mtu mwingine. Ule mkwaruzo mwanzoni. Jinsi neno la mwisho linavyopanda badala ya kushuka. Hakuwa mimi. Alikuwa Gaudensi, mzima, hajapungua kitu, amesimama mita mbili kutoka kwangu anampa punda amri.

Nilishika nguzo ya zizi. Nilisema, "Huyo hapo," na Yeyo akasema, "Si nilikwambia?"

Tulikuwa tunakumbatiana wote watatu hata hatukumwangalia Kuruta. Yeye alikuwa amepewa amri. Tulipogeuka alishatoka getini, anateremka kuelekea barabarani, kabichi zimemlemea upande mmoja na zinadondoka moja moja, zinabingirika mbele yake.

"Msimamishe!" Koko akapiga kelele, anaminya simu kila mahali. "Iko wapi ya kusimama?"

Hatukuirekodi. Nikakimbia. Nilikimbia mteremko ule wa misonobari, shuka inanitoka, machozi yananitoka, nacheka mpaka mbavu zinauma, naruka kabichi. Barabara ilikuwa inaonekana. Nikajaza kifua, na nilijua kabla sijafungua mdomo nani atakayesikika.

"Kuruta! Simama!"

Akasimama, miguu yote minne sawasawa, akageuza kichwa kunitazama.